Mwaka Baba Alipoacha Kusoma

Tulimzika Kioko kwao Kikima, siku ya mvua nyembamba, udongo mwekundu ukishika viatu vya kila mtu. Mhindi nilikuwa peke yangu, mama mzee wa Kisingasinga mwenye mtandio mweupe, na vijana wa kanisa walinipa kiti cha mbele wakidhani labda nimetumwa na shirika fulani. Kwaya iliimba kwa Kikamba, mchungaji akahubiri kwa muda mrefu, kisha tukaingia nyumbani kula wali na nyama. Hapo ndipo binti yake, Mumbua, ambaye niliwahi kumbeba mgongoni, aliponiletea chai na kukaa karibu nami. "Anti," akasema, "zile wiki za mwisho Baba alikuwa anaimba kitu. Si Kikamba, si Kiswahili. Mchungaji akauliza kama ni mapepo. Nikamwambia hapana, hiyo ni ya wale Wahindi aliwapikia huko Kiboko." Nikamwomba ajaribu kuimba. Aliharibu maneno yote, lakini sauti ilikuwa yenyewe, ule wimbo wa jioni ambao baba yangu aliuimba kila siku wakati wa kukilaza Kitabu, mpaka mwaka ule alipoacha. Niliporudi Nairobi nilitambua kwamba sasa hakuna mtu mwingine aliye hai aliyeuona mwaka ule kwa macho yake. Hakuna wa kumuuliza kama nakumbuka vizuri.

Tuliishi kati ya Kiboko na Makindu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mimi nikiwa na miaka kumi na tisa. Si katika hekalu la Makindu ambalo kila msafiri wa barabara ya Mombasa analijua. Letu lilikuwa nyumba ndogo ya maombi, ya mbao na mabati, iliyojengwa na madereva na mafundi wa Kisingasinga zamani kabla ya lami kuletwa. Baba ndiye aliyekuwa msomaji, na Wakamba wa pale walimwita Mwalimu. Nyuma ya ukumbi tulipewa vyumba viwili, na kati ya chumba changu na ukumbi palikuwa na ukuta wa mbao uliokauka na kuachana, hata mtu akikohoa upande ule ungedhani amekaa kitandani kwako. Upande wa pili wa ua palikuwa na jiko, ambako Kioko alipika dengu na chapati kwa yeyote aliyeingia: dereva, mchungaji wa ng'ombe, mama aliyetoka sokoni, hakuna aliyeulizwa dini. Walikaa wote chini kwenye mkeka mmoja, wakala, wakaosha sahani zao, wakaenda. Mpaka leo nikinusa bizari ikikaangwa kwenye samli naona mlango wa jiko lile na mgongo wa Kioko umeinama.

Ni lazima nieleze Kitabu, maana bila hicho hakuna ninachoweza kusimulia. Kwetu sisi si kitabu cha kuwekwa rafuni. Walimu wetu wa kale walipokwisha, wa mwisho wao alisema kwamba tangu siku hiyo mwalimu atakuwa Kitabu, zile nyimbo zenyewe. Kwa hiyo tunakiheshimu kama mtu mkubwa aliye hai. Kina chumba chake na kitanda chake. Kabla ya jua kutoka Baba alioga maji baridi, akafunga kilemba, akakibeba Kitabu juu ya kichwa chake mpaka ukumbini, akakiweka juu ya mito chini ya dari la kitambaa, akafunua vitambaa vya hariri kimoja kimoja. Kisha alikifungua popote kilipojifungua, bila kuchagua, na wimbo ulioanza pale juu upande wa kushoto ndio ulikuwa Neno la siku hiyo. Aliusoma kwa sauti. Jioni alikifunga tena, akaimba wimbo wa kulala, akakirudisha kitandani. Wimbo huo wa kulala ndio huohuo tunaouimba mtu anapofariki na kuchomwa kwa moto. Nilipokuwa mdogo nilidhani watu wazima wamekosa wimbo mwingine.

Kaka yangu Balbir alikuwa dereva wa lori la mbao la Bwana Sohan, mtu wa Makindu aliyekuwa na kiwanda cha kupasua mbao na aliyekuwa pia mwenyekiti wa kamati ya nyumba yetu ya maombi. Kwa maneno mengine, chakula chetu na paa letu vilitoka mkononi mwake mara mbili. Jioni moja ya mwezi wa tatu Balbir alikaa jikoni na sahani yake, mimi na Kioko tukiosha masufuria, akawa anakoroga dengu bila kula. Mama akamuuliza ana nini. "Breki," akasema. "Inashika ikitaka. Nimemwambia Bwana Sohan, amesema fundi ataangalia nikirudi kutoka Mombasa."

"Basi usiende," Mama akasema.

"Nisipoenda ataenda mwingine, Mama, na mimi sitaitwa tena."

Baba alikuwa akinawa mikono. Alisema kwa upole, kama alivyosema kila jambo, "Kesho asubuhi tutasikia Neno, kisha tutaamua." Na asubuhi yake, nikiwa upande wangu wa ukuta nakanda unga, nilimsikia akifungua kurasa kwa ajili ya mwanawe. Alisoma wimbo mzima. Lugha ile ni ya zamani na Balbir hakuielewa sana, kwa hiyo Baba alimweleza kwa maneno ya nyumbani. "Ni habari ya msafiri," akasema. "Njia ilikuwa ndefu, lakini anafika nyumbani kwake. Hofu yake imekwisha." Nilisikia furaha kwenye sauti yake. "Neno ni zuri, mwanangu. Nenda." Balbir alipita jikoni akiwa na funguo mkononi, akachukua chapati mbili akazikunja mfukoni mwa shati, samli ikalowesha kitambaa. Mama alimgombeza kwa ajili ya shati hilo. Ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia.

Lori lilitoka barabarani kwenye mteremko kabla ya Mtito Andei. Mbao zilimjia kutoka nyuma. Polisi waliandika kwamba alikuwa anakimbia sana, na mambo yakaishia hapo. Walimleta amefungwa kwenye turubai, na wanaume walipomwosha Mama alisimama mlangoni akawakataza kumfunika uso mpaka amtazame vya kutosha. Bwana Sohan alileta kuni. Alikuja mwenyewe na lori lingine, akasimamia vijana wake wakizishusha kando ya mto mkavu tulipowachomea watu wetu, mbao nzuri, ngumu, zilizonyooka, na nakumbuka niliwaza kwamba hizi nazo zilikuwa zinaelekea Mombasa. Ilipofika wakati wa wimbo watu wote waligeuka kumtazama Baba. Alikuwa amewaimbia wafu wa kila nyumba, kuanzia Emali mpaka Kibwezi. Alifungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Alijaribu tena, na dereva mmoja mzee aliyesimama nyuma yake akauanza wimbo kwa sauti mbaya ya tumbaku, wengine wakadakia, na Baba akabaki hivyo hivyo, kinywa wazi, mpaka moto ukashika.

Kwa desturi yetu, mtu akifa Kitabu husomwa chote, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, siku baada ya siku, kwa ajili ya walioachwa. Siku iliyofuata Baba alioga, akakibeba Kitabu, akakaa nyuma yake. Sisi tulikaa mbele, Mama, mimi na wanawake wachache wa Makindu. Alifunua vitambaa, akautazama ukurasa kwa muda. Kisha akavirudisha vitambaa kimoja kimoja, taratibu, akivinyoosha pembe, akainuka, akakirudisha Kitabu kitandani kwake. Alipopita karibu na Mama alisema, "Siwezi." Hakulia. Alivuka ua akaingia jikoni, akamwomba Kioko kisu, akaanza kukata vitunguu. Kesho yake alifanya vivyo hivyo, na keshokutwa. Asubuhi aliamka saa zilezile, akaoga maji yaleyale baridi, akafunga kilemba, kisha akaenda kwenye vitunguu. Kioko hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimsogezea tu gunia la kukalia.

Naandika haya nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao Baba wakati ule, na bado siwezi kusema kama alikuwa amekasirika na Mungu au na nafsi yake. Mimi nilikuwa na hasira na wote. Lakini nyumba ya watu wanaofiwa ina mambo yake ya kawaida, na Mama ndiye aliyeyashika. Kila mtu alizidi kumwita Mama Balbir, maana hilo lilikuwa jina lake na hakuna aliyejua amwite nani badala yake. Jumamosi moja aliniita chumbani, akafunga mlango. "Kesho kamati wanakuja," akasema. "Wakikuta Kitabu kimefungwa wataleta msomaji mwingine. Msomaji analala katika vyumba hivi. Sisi tutalala wapi?" Nikasema sijui. "Baba yako alikufundisha herufi tangu ukiwa na miaka sita. Utasoma wewe." Nikamwambia siamini tena hata neno moja. "Sijakuuliza kama unaamini," akasema Mama. "Nenda ukaoge."

Kitabu kilikuwa kizito kuliko nilivyofikiri. Shingo ilinitetemeka nikivuka kile chumba. Nilikifungua, nikasoma, sauti ikipasuka kila mstari, na nje niliweza kusikia kisu cha Baba kikigonga ubao. Halafu sikukisikia tena. Nilipomaliza, Kioko alikuwa amesimama mlangoni, miguu mitupu na kitambaa cha jikoni kichwani kama tulivyomfundisha. "Mwalimu amesimama tu hapo na kisu," aliniambia polepole. "Kitunguu hakati. Anasikiza." Nikamuuliza kama amesema chochote. "Amesema herufi moja umekosea. Lakini hajasema ni gani."

Bwana Sohan alinisikiliza Jumapili hiyo, amekunja mikono. Baada ya chakula alibaki na Mama ukumbini, na mimi nikaingia chumbani, nikakaa kitandani karibu na ukuta. Walizungumza Kipunjabi, kwa adabu, wakiitana dada na kaka kama ilivyotakiwa. Alisema dini haikatazi mwanamke kusoma, yeye hana neno, lakini wasafiri wamezoea mwanamume, na msichana wa umri huu angefaa kutafutiwa nyumba yake. Alisema yuko mtu Nairobi, mwenye mke na watoto, anayeweza kuja mwezi ujao. Nilisikia Mama akikunja mkeka. Kisha akasema, "Lori lilikuwa na breki?"

"Dada, polisi walishaandika."

"Polisi hawakuniuliza mimi. Mwanangu alikaa jikoni kwangu akaniambia alichokuambia wewe, na wewe ulichomjibu. Binti yangu alisikia. Kioko alisikia. Mpaka leo sijaenda kituoni, kaka Sohan."

Lori lilipita barabarani, mabati yakatetemeka. Bwana Sohan ndiye aliyeongea. "Basi asome," akasema. "Mpaka mwisho wa mwaka."

Hivyo ndivyo tulivyobaki na paa. Mama hakunieleza lolote na mimi sikumuuliza, lakini tangu siku ile kila nilipokaa nyuma ya Kitabu nilijua nimekalia nini. Nilisoma nyimbo za sifa na mkataba ule ukiwa chini yangu. Usiku wa watu wengine sijui, lakini asubuhi zangu za mwaka ule zilikuwa ngumu. Mvua ilikosekana, mahindi yakakauka yakiwa ya urefu wa goti, na watu wakaanza kuja kutoka mbali, wamama na watoto wenye macho makubwa, wakikaa kwenye mkeka tangu mapema kungoja dengu ambayo Kioko aliizidishia maji kila wiki. Aliwapa na muthokoi, yale mahindi ya kukoboa ya Wakamba, tulipoyapata. Baba alikanda unga, akagawa, akaosha masufuria. Alizungumza nao Kikamba, akauliza habari za mifugo iliyokufa. Na wakati wote huo sikumwona akikanyaga ukumbini. Nilipofika mahali pagumu ukurasani nilimwuliza kwenye ua, akanieleza neno linatamkwaje na lina maana gani, vizuri kabisa, akiwa amegeukia sufuria.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba nyimbo zilianza kunizoea. Sisemi nilianza kuamini. Lakini ukisoma kwa sauti kila siku, tumbo likiwa tupu, maneno hayangoji uyakubali. Zilikuwa nyimbo za watu waliolia, wengine wafuma nguo na washona viatu wa zamani, watu wadogo kabisa, nao walimwambia Mungu waziwazi kwamba wamechoka. Jioni nilianza kuimba ule wimbo wa kulala, na Kioko, akiwa anazima kuni, aliuimba pamoja nami kwa midomo iliyofungwa. Yeye alikuwa mtu wa kanisa, Jumapili hakukosa. Nilipomuuliza kama kanisa lake halitakasirika, alisema, "Huyu kijana alikuwa anakula kwa mkono wangu. Kama wimbo ni wa kulala, wacha alale."

Ilikuwa mwezi wa tisa. Nilifunua vitambaa, Kitabu kikajifungua, nikaanza kusoma pale juu kushoto, na baada ya mistari miwili nikautambua. Ulikuwa ule wimbo wa msafiri. Nilitamani kugeuza ukurasa, lakini Neno halichaguliwi. Nikaendelea. Msafiri alikuwa ametembea sana, njia ilikuwa ndefu, amefika nyumbani, hofu yake imekwisha. Mpaka hapo ndipo Baba alipomweleza Balbir. Lakini wimbo ulikuwa haujaisha. Mistari iliyofuata ilieleza huko nyumbani ni wapi. Haikuwa nyumba ya mama yake. Ilikuwa kwa Bwana, na anayeingia humo haji wala haendi tena. Wimbo ulisema hayo kwa furaha, kama harusi. Nilisoma mpaka mwisho kwa sababu sikujua namna ya kusimama katikati, na nilipoinua macho Baba alikuwa mlangoni, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko.

"Soma tena," akasema.

Nilisoma tena. Alisimama pale kwenye kizingiti, hakuingia. Nilipomaliza alitingisha kichwa kidogo, kama mtu anayekubali hesabu. "Nilisoma yote," akasema. "Macho yangu yalipita yote. Lakini yeye alikuwa ameshika funguo, na mimi nilitaka neno zuri. Nilimwambia nusu."

Mama alikuwa amekaa upande wa wanawake. Alisema bila kugeuka, "Si Neno lililomuua. Ni breki."

"Breki zilikuwa mbovu," Baba akasema, "na mimi nikamwambia nenda."

Ukweli wa Baba na ukweli wa Mama vilikuwa vimekaa humo ukumbini na hakuna kimoja kilichokiondoa kingine. Baba alirudi jikoni. Nilidhani, nikiwa na ujinga wa umri wangu, kwamba sasa amesema, kesho ataoga aje akae nyuma ya Kitabu. Kesho yake alioga, akafunga kilemba, akaenda kwenye unga.

Mwezi wa kumi na mbili yule mtu wa Nairobi alikuja na mkewe na watoto wanne, watu wapole, wenye aibu kwa sababu walijua wanatutoa. Mke wake alinisaidia kufunga masufuria kwenye magunia. Bwana Sohan alituletea lori la kubeba vyombo, jipya, la bluu, na dereva kijana. Mama alikataa kupanda. Alimwambia dereva apande nalo kilima kile cha upande wa Kiboko, ateremke, kisha alisimamishe pale aliposimama yeye. Kisha akaenda kusimama katikati ya barabara, mtandio umefungwa kiunoni. Dereva alimtazama Bwana Sohan, na Bwana Sohan akatazama viatu vyake. Lori lilipanda, likageuka, likateremka. Baba aliita jina la Mama mara moja, jina lake hasa, ambalo sikuwa nimewahi kulisikia kinywani mwake. Mama hakusogea. Lori lilisimama karibu sana hata vumbi lake likampita na kumfunika. Vumbi lilipotulia alikuwa analia, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu, kwa sauti kubwa kama mtoto, na Kioko ndiye aliyemshika mkono akamtoa barabarani. Lilikuwa limesimama vizuri kabisa. Nafikiri hilo ndilo lililomuumiza, kwamba ni jambo rahisi hivyo.

Nairobi tulipanga chumba Pangani. Baba alipata kazi ya kupika katika nyumba kubwa ya maombi, ambako hawakujua alikuwa nani, na alipika hapo mpaka magoti yakamkataa. Hakusoma tena kwa sauti maishani mwake. Alipofariki nilisoma mimi, Kitabu chote, na Mama alisikiliza kila ukurasa, na baada ya miaka michache nikamsomea na yeye. Bwana Sohan alihamia Uingereza. Nasikia alizikwa, yaani alichomwa, kwa heshima nyingi.

Mimi bado nasoma. Siku hizi hakuna anayeshangaa kuona mwanamke. Watu huja asubuhi kabla ya safari, kabla ya upasuaji, kabla ya mtihani, wanataka Neno. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja na mwanawe aliyekuwa anaondoka kwenda kufanya kazi nchi za nje, begi lake liko mlangoni. Nilikifungua Kitabu, nikasoma. Yule mama akauliza, kama wanavyouliza wote, "Ni zuri?" Nikamwambia akae, nimsomee tena polepole na kumweleza kila mstari mpaka wa mwisho. Alitazama saa. Kijana akasema gari linangoja, akainama akagusa sakafu kwa paji la uso, na mama yake akanishukuru sana, akaniambia sauti yangu imempa amani. Nilisikia mlango wa gari ukifungwa. Nilikuwa nimefika mstari wa tatu. Niliendelea kusoma mpaka mwisho, kwa sauti, ukumbi ukiwa hauna mtu.